Maziwa ya kopo na vyama vya madaktari: Nani hulipia mkutano?

Mgongano wa maslahi katika fani ya tiba hutokea pale ambapo daktari, au chama chake, ana wajibu kwa mgonjwa na papo hapo ana sababu ya kumridhisha mtu mwingine mwenye bidhaa ya kuuza. Si lazima fedha ziibwe wala uongo usemwe. Yatosha kwamba uamuzi uliopaswa kuegemea afya ya mgonjwa pekee umetiliwa uzito mwingine kwenye mizani. Taasisi ya Tiba ya Marekani, katika ripoti iliyoitoa mwaka 2009, ilieleza kuwa mgongano huo ni mazingira yanayozua hatari ya uamuzi kupotoshwa. Kwa maana hiyo, mtu anaweza kuwa na mgongano wa maslahi kabla hajatenda kosa lolote.

Mifano ni mingi. Chama cha madaktari cha Marekani, American Medical Association, kilipokea dola milioni 10 kutoka kwa makampuni ya sigara mwaka 1964, mwaka ule ule ambao serikali ya nchi hiyo ilitangaza kwamba sigara husababisha saratani ya mapafu. Mnamo 1997 chama hicho kilikubali jina lake litumiwe kunadi vifaa vya afya vya nyumbani vya kampuni ya Sunbeam, kisha kikajiondoa baada ya wanachama kuja juu, na mwaka uliofuata kikalipa fidia ya dola milioni 9.9. Hata hivyo, mfano ulio karibu zaidi na Afrika Mashariki, na ambao haujafikia tamati hadi leo, ni ule wa makampuni ya maziwa ya watoto wachanga na vyama vya madaktari wa watoto.

Chimbuko la mzozo

Mwaka 1939, Dkt Cicely Williams, aliyekuwa ameueleza ulimwengu kuhusu ugonjwa wa kwashiakoo baada ya kuuchunguza katika Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, alihutubia klabu ya Rotary mjini Singapore. Hotuba yake aliipa jina linalounganisha maziwa na mauaji. Alikuwa ameshuhudia watoto wakifa baada ya mama zao kushawishiwa kuacha kunyonyesha na kununua maziwa ya mkebe.

Miongo miwili baadaye kilio hicho kilisikika Kampala. Dkt Derrick Jelliffe, aliyekuwa profesa wa afya ya watoto katika Chuo Kikuu cha Makerere, aliona watoto wenye utapiamlo ambao wazazi wao hawakukosa chakula, ila walikuwa wameuziwa chakula kisichowafaa. Ndiye aliyebuni istilahi ya kitaalamu ya utapiamlo unaoletwa na biashara. Ni katika miaka hiyo ya 1960 ambapo kliniki ya lishe ya Mwanamugimu ilianzishwa katika Hospitali ya Mulago. Jina hilo kwa Kiganda lina maana ya mtoto mwenye siha.

Sababu za maafa hayo ni rahisi kueleza. Maziwa ya unga yanahitaji maji safi, moto wa kuyachemsha, chupa iliyooshwa vyema na fedha za kununua kopo jingine la kwanza linapokwisha. Katika mtaa wa mabanda ambako maji hununuliwa kwa mtungi, mama huongeza maji na kupunguza unga ili kopo lidumu. Mtoto hushiba maji, hukonda na kuhara. Fauka ya hayo, maziwa ya unga hayana kinga za mwili ambazo mtoto huzipata kwa mama. Kibaya zaidi, titi lisilonyonywa hukauka. Mama aliyepewa kopo moja la bure hospitalini aghalabu huwa amekwisha kupungukiwa na maziwa yake kabla ya kopo hilo kuisha, na tangu siku hiyo anakuwa mteja asiye na hiari.

Mwaka 1974, shirika la War on Want la Uingereza lilichapisha kijitabu cha mwanahabari Mike Muller kilichofichua mbinu za uuzaji wa maziwa hayo katika nchi maskini, zikiwemo za wauzaji waliovalia sare za wauguzi. Kikundi kimoja cha Uswisi kilikitafsiri kwa kichwa cha maneno kilichodai kwamba Nestlé inaua watoto. Kampuni hiyo ilishtaki. Mnamo 1976 mahakama ya Bern ilikipata kikundi hicho na hatia ya kukashifu kwa sababu ya kichwa hicho, ikawatoza washtakiwa faini ndogo, lakini jaji akaitaka kampuni ifikirie upya namna inavyotangaza bidhaa zake. Mwaka uliofuata ukaanza mgomo wa kususia bidhaa za Nestlé nchini Marekani.

Matokeo ya vuguvugu hilo ni Kanuni ya Kimataifa ya Uuzaji wa Vibadala vya Maziwa ya Mama, iliyopitishwa na Mkutano Mkuu wa Afya Duniani mnamo Mei 21, 1981. Nchi 118 ziliunga mkono, tatu zikajizuia kupiga kura na moja tu, Marekani, ikapinga.

Mlango ulioachwa wazi

Kanuni ya 1981 ilikataza matangazo kwa umma, sampuli za bure kwa akina mama na zawadi za kuwashawishi wahudumu wa afya. Hata hivyo, iliacha mlango mmoja wazi. Kampuni iliruhusiwa kumlipia mhudumu wa afya masomo, utafiti au safari ya mkutano wa kitaaluma, mradi kampuni na mhudumu huyo waiarifu taasisi anakofanyia kazi.

Ni kupitia mlango huo ambapo vyama vya kitaaluma viliingia katika hesabu za makampuni. Chama cha madaktari kina mambo matatu ambayo muuzaji hawezi kuyanunua dukani. Kwanza, kina jina linaloaminiwa na wazazi. Pili, huandika miongozo ya tiba ambayo maelfu ya madaktari huifuata. Tatu, huandaa mikutano ya kila mwaka ambako madaktari vijana hukutana na wakongwe na kujifunza mapya.

Mikutano hiyo ni ghali. Kuna ukumbi wa hoteli, nauli za wahadhiri kutoka ng'ambo, chakula, mikoba na vitabu vya ratiba. Ada za wanachama mara nyingi hazitoshi. Mfadhili anapojitokeza, hupewa kibanda cha maonyesho mlangoni, nembo yake huchapishwa kwenye mikoba, na pengine hutengewa kikao cha mchana ambapo mhadhiri aliyemlipia huzungumzia bidhaa inayofanana na yake. Nchini Kenya, kama ilivyo katika mataifa mengi, daktari hutakiwa kukusanya alama za masomo ya kujiendeleza ili leseni yake ihuishwe, na mikutano ni mojawapo ya njia za kuzipata. Kwa hivyo, anayelipia mkutano anawakuta wasikilizaji ambao wana haja ya kuwepo.

Waswahili husema mkono mtupu haulambwi, na kwamba mla cha mwenziwe na chake huliwa. Maarifa hayo ya wahenga ndiyo msingi wa hoja ya wakosoaji. Zawadi huzaa deni, hata kama hakuna aliyelitaja, na deni la chama halilipwi kwa kusifu kopo hadharani. Hulipwa kwa kunyamaza pale ambapo chama kilipaswa kupaza sauti.

Maua badala ya sindano

Mkasa wa American Academy of Pediatrics, chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, unaonyesha jinsi hali hiyo inavyojitokeza. Chama hicho hakijawahi kuwa adui wa unyonyeshaji. Mwaka 1997 kilipendekeza mtoto anyonyeshwe maziwa ya mama pekee kwa takriban miezi sita ya mwanzo. Lakini mnamo 2002, kitabu chake cha kuwaongoza akina mama wanaonyonyesha kilizua tafrani ilipobainika kwamba takriban nakala 300,000 zilinunuliwa na Ross, kampuni iliyokuwa ikitengeneza maziwa ya Similac, na kutiwa nembo ya kampuni hiyo kwenye jalada.

Mwaka uliofuata jambo zito zaidi lilitokea. Wizara ya afya ya Marekani ilikuwa imeandaa matangazo ya kuhimiza unyonyeshaji ambayo yalitaja bayana hatari za kutonyonyesha. Wawakilishi wa makampuni ya maziwa waliwaendea viongozi wa chama. Punde baadaye rais wa chama, Dkt Carden Johnston, alimwandikia waziri wa afya, Tommy Thompson, akieleza wasiwasi kwamba matangazo hayo yalikuwa na mwelekeo wa kutisha. Dkt Lawrence Gartner, aliyeongoza kitengo cha unyonyeshaji cha chama hicho hicho, alipinga msimamo wa rais wake.

Matangazo yalipotoka mwaka 2004 yalikuwa yamelainishwa. Mnamo 2007, gazeti la Washington Post lilieleza kwamba picha za sindano ya insulini na kifaa cha kuvutia dawa ya pumu, zote zikiwa zimewekewa chuchu ya chupa, ziliondolewa na mahali pake pakawekwa maua na aiskrimu. Viongozi wa chama walishikilia kwamba waliyoyaandika yalikuwa maoni yao halali ya kitaalamu, na huenda ndivyo. Lakini kwa kuwa chama kilikuwa kikipokea fedha za makampuni yayo hayo, hapakuwa na njia ya mwananchi kutofautisha ushauri wa daktari na ombi la mfadhili. Hiyo ndiyo hasara ya kwanza ya mgongano wa maslahi: hata ushauri wa kweli huanza kutiliwa shaka.

Uingereza yabadili msimamo

Uingereza ilipitia mvutano wa aina hiyo. Mwaka 2016, wanachama wa Royal College of Paediatrics and Child Health walipiga kura kwenye mkutano wao mkuu kutaka chama kikatae fedha za makampuni ya maziwa ya watoto. Uongozi, baada ya kuwauliza wanachama wengine, uliamua kuendelea kuzipokea kwa masharti. Mzozo uliendelea hadi Februari 2019, chama hicho kilipotangaza kuwa kingeacha kupokea fedha hizo. Mwezi uliofuata, jarida la kitabibu la BMJ pamoja na majarida dada yakatangaza kutochapisha tena matangazo ya maziwa hayo.

Uamuzi huo ulikuja miezi michache tu baada ya BMJ kuchapisha, mwishoni mwa 2018, uchunguzi wa Dkt Chris van Tulleken kuhusu mzio wa maziwa ya ng'ombe. Kwa mujibu wa uchunguzi huo, kati ya 2006 na 2016 idadi ya maziwa maalumu yaliyoandikwa na madaktari wa Uingereza kwa watoto wenye mzio huo ilipanda kutoka takriban 105,000 hadi zaidi ya 600,000 kwa mwaka. Gharama kwa huduma ya afya ya umma ilipanda kutoka pauni milioni 8.1 hadi zaidi ya milioni 60. Hapakuwa na ushahidi kwamba ugonjwa wenyewe uliongezeka kwa kiwango hicho, na uchunguzi ulionyesha kwamba baadhi ya walioandika miongozo ya kuutambua walikuwa na uhusiano wa kifedha na watengenezaji wa maziwa. Mwongozo ukieleza dalili kwa upana mno, kila mtoto anayelia na kutapika kidogo anaweza kuhesabiwa mgonjwa.

Uamuzi mgumu unahitaji mshauri huru

Yapo mazingira ambapo maziwa ya kopo ni ya lazima. Kuna watoto waliofiwa na mama, wenye maradhi adimu ya kurithi yasiyowaruhusu kutumia maziwa ya mama, na akina mama wanaotumia dawa zinazoweza kumdhuru mtoto. Kenya ina ushahidi wa kipekee kuhusu ugumu wa uamuzi huo.

Katika miaka ya 1990, wakati virusi vya Ukimwi vilipokuwa vikiwafikia watoto kupitia kunyonya, Dkt Ruth Nduati wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake walifanya utafiti uliochapishwa mwaka 2000. Walilinganisha watoto wa akina mama wenye virusi, nusu wakinyonyeshwa na nusu wakipewa maziwa ya kopo, katika mazingira ambapo mama walikuwa na maji safi na mafunzo. Kufikia umri wa miaka miwili, asilimia 36.7 ya walionyonyeshwa walikuwa wameambukizwa, ikilinganishwa na asilimia 20.5 ya waliopewa maziwa ya kopo. Idadi ya vifo katika makundi yote mawili haikutofautiana sana.

Lakini pale ambapo maji hayakuwa salama, mambo yalikuwa tofauti. Mapema mwaka 2006, mafuriko nchini Botswana yalifuatiwa na mkurupuko wa kuhara ulioua mamia ya watoto. Wengi wa walioathirika walikuwa wakilishwa maziwa ya kopo yaliyotolewa na serikali ili kuwakinga na virusi. Mnamo 2010, Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa mwongozo mpya ulioruhusu mama mwenye virusi anyonyeshe huku yeye au mtoto akitumia dawa za kupunguza makali.

Katika muda wa miaka 10, basi, ushauri sahihi ulibadilika kwa kutegemea maji, dawa na uwezo wa familia. Mama aliyekabiliwa na uamuzi kama huo alihitaji daktari ambaye hesabu yake ilikuwa ya uhai wa mtoto tu.

Hoja za pande mbili

Makampuni husema kwamba hufadhili elimu ambayo serikali haziigharimii, na kwamba bidhaa zao zinahitajika. Baadhi ya viongozi wa vyama huongeza kwamba bila wafadhili, daktari wa wilayani hawezi kumudu mkutano, na kwamba msomi hanunuliwi kwa kalamu na chakula cha mchana. Hoja ya kwanza ina uzito. Ya pili haikubaliani na ushahidi. Utafiti wa WHO na Unicef uliotolewa Februari 2022, uliowahoji wazazi na wajawazito 8,500 pamoja na wahudumu wa afya 300 katika nchi nane, zikiwemo Nigeria, Morocco na Afrika Kusini, uligundua kwamba zaidi ya theluthi moja ya wanawake walikuwa wamependekezewa na mhudumu wa afya aina fulani ya maziwa ya kopo. Biashara hiyo ilikadiriwa kuwa ya dola bilioni 55 kwa mwaka.

Uchunguzi mwingine, uliochapishwa mwaka 2019 na watafiti wakiwemo wa WHO, ulipekua tovuti na kurasa za Facebook za vyama vya madaktari wa watoto duniani. Asilimia 60 ya vyama 114 vilivyochunguzwa vilionyesha kuwa vilipata fedha za makampuni ya maziwa, nyingi zikiwa za mikutano. Asilimia 16 tu vilikuwa vimechapisha sera kuhusu mgongano wa maslahi.

Njia za kujinasua

Tiba inayopendekezwa mara nyingi ni kutangaza: mhadhiri huonyesha mwanzoni mwa hotuba orodha ya makampuni yaliyomlipa. Hatua hiyo ni bora kuliko kuficha, lakini haiondoi deni. Humwachia msikilizaji kazi ya kukisia ni sehemu gani ya hotuba imeathirika. Mama wa mtoto hayupo ukumbini, na orodha hiyo haioni kamwe.

Kwa sababu hiyo wataalamu wengine wametaka hatua kali zaidi. Mwaka 2009, kundi lililoongozwa na David Rothman lilipendekeza katika jarida la JAMA kwamba vyama vya madaktari vipunguze fedha za makampuni hadi asilimia 25 ya bajeti, kisha vielekee sufuri. India ilikuwa imetangulia. Marekebisho ya mwaka 2003 ya sheria yake ya maziwa ya watoto yaliyakataza makampuni hayo kufadhili vyama vya wahudumu wa afya, semina zao, mikutano na hata mashindano. Nao Mkutano Mkuu wa Afya Duniani, ambao mwaka 1996 ulikuwa umetahadharisha tu kuhusu mgongano wa maslahi, ulipokea mwaka 2016 mwongozo wa WHO unaosema waziwazi kwamba makampuni hayapaswi kufadhili mikutano ya wahudumu wa afya, na vyama vyao havipaswi kukubali. Mlango wa 1981 ulifungwa, angalau kwenye karatasi, baada ya miaka 35.

Kenya iko wapi

Kenya ilipitisha sheria ya kudhibiti vibadala vya maziwa ya mama mwaka 2012, na kanuni za kuitekeleza zikafuata mwaka 2021. Sheria hiyo inapiga marufuku kutangaza bidhaa hizo kwa umma na inazuia zawadi kwa wahudumu wa afya. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 nayo inawataka waajiri watenge vyumba vya kunyonyeshea kazini. Takwimu za kitaifa zinaonyesha mabadiliko makubwa: watoto wa chini ya miezi sita walionyonyeshwa maziwa ya mama pekee walikuwa asilimia 13 mwaka 2003, asilimia 32 katika mwaka wa 2008/09, asilimia 61 mwaka 2014 na asilimia 60 mwaka 2022.

Takwimu hizo mbili za mwisho zinaonyesha kwamba mwendo umesimama. Ni watoto wanne kati ya kumi ambao bado wanapewa kitu kingine mapema. Sababu ni nyingi, kuanzia likizo fupi hadi vibarua vya kutwa vinavyomtenga mama na mtoto, na kosa haliwezi kutwikwa makampuni pekee. Hata hivyo, katika hali kama hii neno la daktari ni la thamani kubwa mno kuwekewa nembo.

Sheria ya Mgongano wa Maslahi ya mwaka 2025 inawahusu maafisa wa umma, hivyo daktari wa hospitali ya serikali anaguswa nayo katika kazi yake. Vyama vya kitaaluma ni vyombo vya wanachama, na nidhamu yao ya kifedha hutegemea zaidi katiba zao wenyewe. Hatua zinazowezekana si ngumu: kuchapisha kila mwaka jina la kila mfadhili na kiasi alichotoa, kuwazuia wenye maslahi kuketi kwenye kamati za miongozo, kufanyia mikutano katika kumbi za vyuo vikuu badala ya hoteli za pwani, na kupandisha ada kulingana na uwezo wa mwanachama. Mkutano wa namna hiyo utakuwa na mikoba michache na chakula cha kawaida. Madaktari watakaotoka humo watarudi kliniki wakiwa hawadaiwi na yeyote isipokuwa mtoto aliye mbele yao.